Maswali kwa Anti: Nilifika kwenye mkutano nikakuta geti limefungwa

Mwezi huu barua za pombe zimekuwa nyingi kuliko za ndoa, sijui kuna nini. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu nyingine karibu ishirini zinauliza kitu hicho hicho kwa maneno tofauti. Walioandika kuhusu mirathi na mahari mnivumilie, nyie toleo lijalo.

Barua ya kwanza

Anti shikamoo. Mi ni fundi umeme, miaka 38, naishi Mbagala na mke na watoto wawili. Pombe nimeanza nikiwa sekondari lakini saivi imekuwa kitu kingine kabisa, nikiamka mikono inatetemeka mpaka nizimue ndo nakaa sawa, na kazi yangu unaijua, huwezi kupanda ngazi ukashika waya na mikono inacheza. Viroba vilipopigwa marufuku 2017 nilimwambia mke wangu sasa basi, Mungu ameniletea njia, haikupita hata wiki nikahamia kwenye chupa ndogo maana mangi hapo nje ananiandika kwenye daftari nalipa nikipata kazi. Zamani Ramadhani nilikuwa naweza mwezi mzima bila shida, mwaka huu siku ya pili tu jasho linanitoka kama nimemwagiwa maji, nikafungua mchana nikaenda kunywa. Sijamwambia mtu hilo, nakwambia wewe.

Jirani yangu mmoja akaniambia kuna mikutano ya watu walioacha pombe inaitwa AA. Nikatafuta kwenye simu nikapata sehemu huko mjini, imeandikwa Jumamosi jioni, nikaoga nikavaa vizuri nikapanda daladala mbili. Nafika geti limefungwa, namuuliza mlinzi ananitazama juu mpaka chini anasema kwa sauti kaka hapa hamna mkutano wa walevi, na kuna kina mama wamekaa pembeni wanauza matunda wote wakageuka. Anti, aibu niliyoona siku hiyo sijawahi. Nikaingia grosari ya kwanza niliyokutana nayo nikarudi nyumbani saa sita usiku. Sasa nauliza, hii mikutano ipo kweli au ni ya kwenye simu tu? Na kama ipo, ni ya kanisa? Maana mi ni muislamu. Na mafundi wenzangu wakijua si nitakosa kazi? Usinitaje jina tafadhali.

Fundi, Mbagala

Jibu

Marahaba mwanangu, na pole kwa hiyo Jumamosi. Ipo mikutano, ipo kweli, mi nimekaa kwenye viti vyake miaka 14 sasa. Nitakueleza namna ya kuipata na kwa nini uliikosa, ila mikono yako inanitisha kwaiyo nianze na hiyo.

Hilo la kutetemeka asubuhi na lile jasho la Ramadhani usilichukulie kuwa ni udhaifu wa imani. Ni mwili umeshaizoea pombe, ikikosekana unagoma. Vijana wanaita arosto na watu wengi wanadhani arosto ni ya unga peke yake, kumbe ya pombe ipo na kwa upande wa kuua mtu ni ya hatari zaidi. Inaanza masaa sita mpaka nane toka glasi ya mwisho, mikono, jasho, moyo kwenda mbio, usingizi hakuna, alafu ndani ya siku mbili za kwanza mtu anaweza kuanguka kifafa hata kama hajawahi kuwa na kifafa maishani mwake, na kuanzia siku ya pili mpaka ya nne kuna wanaochanganyikiwa kabisa, anaona wadudu ukutani, anaongea na watu ambao hawapo, homa inapanda. Akifika hapo ni hospitali usiku huo huo, sio maji ya limao, sio kumfungia chumbani eti atatulia.

Kwaiyo usijifungie ndani ukasema leo naacha kavu kavu. Nenda hospitali kwanza, Temeke iko karibu na wewe, ukiweza Muhimbili wana idara nzima ya magonjwa ya akili, na usiogope hilo jina la akili. Ukiulizwa unakunywa kiasi gani sema ukweli, chupa ngapi, kila siku, na kwamba asubuhi unazimua, maana sisi wanywaji ukituuliza tunasema mbili tu daktari, na daktari anapanga dozi kwa hizo mbili. Kwa kawaida wanatoa dawa ya kutuliza kama diazepam kwa kipimo kinachopungua siku hadi siku, pamoja na vitamini B1 kwa sababu pombe inaimaliza mwilini na ikiisha ubongo unaumia. Hiyo diazepam usiende kujinunulia dukani, ukiichanganya na pombe pumzi inaweza kukata ukiwa usingizini, na mke wako ndo atakukuta asubuhi.

Haya, sasa mkutano.

Mlinzi hakukudanganya mwanangu. Inawezekana kabisa mkutano ulikuwepo hapo miezi sita iliyopita ukahama, inawezekana ulikuwa chumba cha nyuma na yeye anawaona watu wanaingia kila Jumamosi hajui wanafanya nini. AA hawaweki bango, hawatangazi redioni, hawana spika juu ya gari. Wana misingi kumi na mbili wanayoiita mila na mojawapo inasema wazi kwamba watu wavutwe na wanachokiona kwa waliopona, wasivutwe na matangazo, na kwamba mwanachama asijitangaze jina wala sura kwenye magazeti, redio na filamu. Ndo maana ukurasa huu miaka yote hauna jina langu wala picha, kuna wasomaji wamewahi kuniandikia wananiita muoga, sasa mmejua. Uzuri wa utaratibu huo ni kwamba siri yako iko salama. Ubaya wake ni kwamba fundi wa Mbagala anapanda daladala mbili anakuta geti. Mi hilo linaniuma na nimeshawahi kulisema kwenye kikao chetu, kwamba huku kwetu ambapo hata ramani ya kwenye simu inakosea mtaa, kukaa kimya sana kunaacha watu nje.

Kwaiyo ushauri wangu ni huu, na ukisahau mengine shika huu: usitafute jengo, tafuta mtu. Tafuta mlevi mmoja aliyeacha. Jengo linahama, ratiba ya kwenye simu inachakaa, mtu ana simu na anajua wenzake wamehamia wapi.

Utampata wapi? Hapo hapo hospitali. Ukimaliza na daktari muulize nesi wa kitengo cha afya ya akili au afisa ustawi wa jamii, mnamfahamu mtu yeyote aliyeacha pombe anayeenda AA, naomba mumpe namba yangu anipigie. Toa namba yako, usisubiri ya kwake. Wanawafahamu, kwa sababu kazi mojawapo ya watu wa AA ni kutembelea wagonjwa hospitali. Njia ya pili ni soba hausi, zile nyumba za kuwasaidia watu kuacha dawa za kulevya. Najua utasema mi sio mtu wa unga, lakini soba hausi nyingi za Dar, Bagamoyo na Zanzibar zinaendeshwa na watu waliopona wenyewe na wanatumia zile hatua kumi na mbili za kupona ambazo AA wanazifuata, wao wana mikutano yao inaitwa NA, na mtu wa NA akikuambia kuna mkutano wa AA mahali fulani jua alikuwa huko wiki iliyopita. Huendi kulazwa, unaenda getini kuuliza, na mlinzi wa hapo nakuhakikishia hatakuangalia juu mpaka chini maana inawezekana na yeye amepitia humo humo. Njia ya tatu ni tovuti ya AA yenyewe, aa.org, ina sehemu ya kutafuta kwa nchi, ila hapo chukua mawasiliano tu, usichukue anwani ukapanda gari. Piga au andika kwanza, uliza wiki hii mko wapi, saa ngapi, nikifika geti niseme naenda kwa nani. Hilo swali la mwisho lingekuokoa siku ile. Na ukiwa na bando kuna mikutano ya Zoom kila saa ya siku, mingi ni ya Kiingereza, wewe ingia hata usikilize tu huku unatafuta ya karibu.

Wasomaji wa Kenya mliouliza hili hili, nyie mna namba 1192 ya NACADA, mamlaka yenu ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni bure, wapigie waulizeni. Hospitali ya Mathari nao watawaelekeza, na Nairobi mikutano ni mingi kuliko huku kwetu, mingi inakaa kwenye vyumba vya makanisa.

Hapo nimegusa swali lako la dini. Kukaa kwenye chumba cha kanisa sio kuwa ya kanisa, wanapanga chumba kwa sababu ni bei nafuu na Jumanne jioni hakina mtu. Hatua zenyewe zinamtaja Mungu, siwezi kukuficha, lakini maneno yake ni Mungu kwa jinsi tunavyomwelewa, na wewe unamwelewa kwa jinsi yako. Kwenye kikao chetu kuna mzee anaswali Magharibi pembeni alafu anarudi kwenye kiti chake tunaendelea. Kama kuna sala mwishoni na hujisikii kuisema kaa kimya, hakuna atakayekuuliza. Na ukitaka mfano mkubwa angalia Iran, nchi ya Kiislamu, ni kati ya nchi zenye wanachama wengi zaidi wa NA duniani. Sharti la kuingia AA ni moja tu, uwe na hamu ya kuacha kunywa. Hakuna ada, hakuna fomu, kunapitishwa kikapu cha chai na pango, ukiwa nayo weka mia tano, huna pitisha. Mtu yeyote akikwambia AA ni laki moja kujiunga, hiyo sio AA, ondoka.

Nikueleze ilivyoanza, maana inakuhusu wewe kabisa. Mwaka 1935 kulikuwa na jamaa anaitwa Bill Wilson, mtu wa mambo ya hisa New York, alikuwa ameacha pombe miezi michache tu, akasafiri kibiashara mpaka mji wa Akron, Ohio, biashara ikafa, akabaki hotelini peke yake hana hela, upande mmoja anasikia vicheko vya baa, upande wa pili kuna simu. Akajua akiingia pale amekwisha. Akaenda kwenye simu akampigia mchungaji wa kanisa moja la mji ule, na hakuomba maombi, aliomba atafutiwe mlevi mwingine wa kuongea naye. Mwishowe akafikishwa kwa Dk Bob Smith, na huyu Bob alikuwa daktari wa upasuaji, mikono inatetemeka mwanangu, kama yako, ameshika kisu badala ya waya. Bob alikubali dakika kumi na tano tu, wakakaa masaa kadhaa. Tarehe 10 Juni mwaka huo Bob alikunywa bia ya mwisho asubuhi ili mikono itulie aende kufanya upasuaji (sikuambii uige, nakuambia ilivyokuwa), na hakunywa tena mpaka anakufa 1950. Hiyo tarehe ndo AA wanaihesabu siku yao ya kuzaliwa. Sasa hivi wako nchi kama 180. Ila siku ile hapakuwa na mkutano wowote duniani wa kwenda, walikuwa wawili sebuleni. Na mpaka leo utaratibu wao unasema walevi wawili watatu wakikutana kwa ajili ya kubaki bila pombe, hicho ni kikundi. Kwaiyo ukimpata mmoja, na Mbagala ilivyo kubwa hukosi, kaeni chini ya mwembe Jumamosi saa kumi, mmeshaanza.

Mimi nilikuwa nakunywa kwenye chupa ya chai. Mwanamke wa heshima, mwalimu wa madrasa ya jirani ananisalimia, na chupa ya chai iko mezani toka asubuhi na ndani sio chai. Mtaani kwetu mwanaume akilewa wanasema amezidisha, mwanamke akilewa wanasema mambo mengine kabisa, kwaiyo nilikunywa ndani na pazia limefungwa kwa miaka. Mkutano wa kwanza niliambiwa na dada yangu nilipoenda kumtembelea Nairobi. Nilifika nikasimama ng'ambo ya barabara nikanunua mahindi ya kuchoma nikawa naangalia watu wanaoingia, nikasema hawa mbona wamevaa vizuri, sio hapa, nikaondoka. Wiki ya pili hivo hivo na mahindi yangu. Ya tatu akatoka mzee mmoja akavuka barabara akaniambia mama, chai ya mule ndani ni ya bure na ni chai ya kweli. Sijui alijuaje, mi sikuwa nimemwambia kitu. Nilicheka nikalia nikaingia.

Ndani hakuna kinachotisha. Viti vimepangwa duara au mistari, mtu mmoja anaongoza, anauliza kama kuna mgeni, ukitaka unanyoosha mkono ukitaka unatulia. Anayeongea anasema jina lake la kwanza, mi ni mlevi, wote wanajibu karibu, anaelezea alivyokuwa na anavyoendelea, akimaliza hakuna anayemkosoa wala kumshauri, anashukuriwa, anafuata mwingine. Saa moja, saa moja na nusu, mmemaliza. Baada ya hapo watu wanabaki na chai na hapo ndo kazi yenyewe inafanyika, maana ndo unapata namba za simu. Chukua namba tatu. Usiku mangi akifungua daftari, piga ya kwanza, asipopokea ya pili. Baadaye utachagua sponsa, yani mtu mwenye muda mrefu bila pombe wa kukutembeza kwenye hatua, mwanaume kwa mwanaume, mwanamke kwa mwanamke. Kuna mikutano ya wazi ambayo hata mke wako anaweza kuja kukaa, na iliyofungwa ambayo ni ya walevi wenyewe peke yao, uliza kabla.

Mafundi wenzako. Kinachosemwa mule kinabaki mule, na nikuambie kitu, ukimkuta fundi mwenzako kwenye kile kiti na yeye amekukuta wewe. Ila mwanangu unadhani hawajui? Wanaokushikia ngazi asubuhi wanaiona hiyo mikono. Kazi utakosa kwa sababu ya mikono, hutakosa kwa sababu ya kiti.

Utaniuliza inafanya kazi? Mwaka 2020 shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya tafiti za matibabu na kuzipima kwa pamoja, lilipitia tafiti 27 zenye watu zaidi ya elfu kumi. Kwa waliosaidiwa kwa utaratibu maalum kuingia AA na kubaki humo, baada ya mwaka mmoja watu kama 42 kwa kila 100 walikuwa hawagusi kabisa, kwa matibabu mengine ya mazungumzo ilikuwa 35. Umeona hapo, hata upande mzuri zaidi ya nusu walikuwa wameteleza. Nakupa hesabu hiyo ili siku ukiteleza usiseme basi mi sifai, rudi kesho yake, kiti chako hakichukuliwi na mtu. Mi niliteleza mara mbili mwaka wa kwanza.

Jumatatu nenda Temeke. Mwambie mke wako akusindikize.

Barua ya pili

Anti habari za kazi. Naandika kutoka Moshi. Mume wangu alianza na mbege za kwenye sherehe kama watu wote wa huku, sasa ni pombe kali kila siku. Nimeficha hela, nimemwaga chupa, nimeenda kumtoa kilabuni mbele za watu, nimempigia magoti. Nimesikia kuna mikutano nataka nimpeleke hata kwa nguvu lakini anasema yeye sio mlevi. Nimuombe mchungaji amlazimishe?

Mama Neema

Jibu

Pole sana mama Neema. Kumlazimisha utampeleka mwili, na mwili ukitoka pale unajua njia ya kilabuni. Ila mkutano upo kwa ajili yako wewe. Lois, mke wa yule Bill niliyemtaja kwa fundi, alichoka kama ulivyochoka, na mwaka 1951 akaanzisha na mwenzake vikundi vya ndugu wa walevi vinaitwa Al-Anon. Huko wanakufundisha mambo matatu na utayarudia mpaka yakuingie: hukuisababisha hiyo pombe, huwezi kuidhibiti, huwezi kuiponya. Usipoipata Al-Anon karibu, nenda kwenye mkutano wa wazi wa AA peke yako ukasikilize walevi wanavyoelezea walichokuwa wanawafanyia wake zao, utaelewa kwamba yale magoti yako alikuwa hayaoni.

Chupa acha kumwaga, atanunua nyingine na hela ya chakula. Deni la kilabuni usilipe, usimpigie bosi wake simu kusema anaumwa malaria. Najua ni ngumu, utaona kama unamtupa. Ongea naye asubuhi tu, kabla hajaanza, maneno machache, jana ulifanya hivi na mtoto aliona, mi ninaenda kwenye kikao cha watu wenye shida kama yangu, ukitaka siku moja twende. Basi, usiongeze mahubiri. Na ukiona anatetemeka au akisema anaacha ghafla soma nilichomwambia fundi kuhusu hospitali, kinamhusu na yeye. Mchungaji muombe akusaidie kitu kingine, chumba cha kanisa siku moja kwa wiki, maana hapo Moshi sio wewe peke yako.

Kama anakupiga hilo sio swali la pombe tena, nenda dawati la jinsia pale polisi, na usiku huo lala kwa ndugu.

Barua ya tatu

Anti, mimi ni Mkenya wa Mombasa niko Dubai, nafanya kwa hoteli upande wa baa. Nilikuja hapa sijawahi kuonja. Saa hii nikimaliza shifti saa tisa usiku lazima ninywe ndio nilale, na sai naanza kabla ya shifti. Siwezi kuuliza mtu hapa, nikisemwa nitapoteza kazi na visa, na nyumbani mama anajua natuma pesa tu. Nifanyeje na nimelala chumba kimoja na wasichana wanne?

Msichana wa Likoni

Jibu

Mwanangu wa Likoni, kwako wewe simu ndo mlango. Ingia aa-intergroup.org, ni orodha ya mikutano ya mtandaoni dunia nzima, unachagua, unabonyeza, umeingia. Kamera zima, jina andika lolote, weka earphone, wenzako watajua unaongea na ndugu. Huhitaji kusema neno wiki ya kwanza, mwisho andika tu kwenye chati kwamba wewe ni mgeni na unatafuta mwanamke wa kuongea naye, watakuandikia. Mikutano ya ana kwa ana na hapo Dubai ipo, ila anza na simu, hao wa kwenye simu watakupa njia ya kwenda kwa usalama siku yako ya mapumziko.

Kama umeshaanza kutetemeka kabla ya shifti niandikie haraka nijue, hapo ni daktari kwanza kama nilivyosema juu. Na omba kuhamishwa upande, jikoni, mapokezi, usafi wa vyumba, hata kama tipu ni ndogo, sema mgongo unakuuma kusimama. Kukaa baa masaa kumi unajaribu kutokunywa mi sijui nani anaweza, mimi nisingeweza.

Saa yako mbaya ni ile ya kutoka kazini, saa tisa usiku, na nimekupigia hesabu. Wakati huo New York ni saa moja jioni ya jana yake, majira yao ya baridi inakuwa saa kumi na mbili jioni, na huo ndo muda watu wa kule wanatoka makazini wanaingia mikutanoni, kwaiyo hutakosa wa kuingia hata siku moja. Ukivua viatu tu ingia, kabla hujafungua friji.